Stesheni wagoni la dizeli kwa safari ndefu: kwa nini injini ya lita 2.2 imekunywa mafuta kidogo kuliko ya lita 1.6?

Mwendo Mrefu (mleta mada)

Wakuu, salamu. Natafuta stesheni wagoni la dizeli lililokwisha kutumika, kwa sababu kazi yangu inanilazimu kutembea takriban kilomita 40,000 kwa mwaka, karibu zote katika barabara kuu, nikiwa na vifaa vinavyojaza buti na mara nyingi abiria wawili. Gari la juu lenye umbo la kisanduku silitaki, kwa kuwa sipiti njia mbovu na sioni sababu ya kulipia mafuta ya kusukuma upepo bure.

Kabla sijanunua niliazima magari mawili ya ndugu zangu, yote ya kampuni moja na umbo moja, moja likiwa na injini ya lita 1.6 na jingine lita 2.2. Niliyaendesha njia ile ile ya kilomita 640, kwa mzigo ule ule, spidi kati ya 110 na 120. Nilijaza tangi kabla ya kuondoka na nikajaza tena nilipofika. La lita 1.6 lilikunywa lita 41, la lita 2.2 likanywa lita 38. Maisha yangu yote nimeamini kwamba injini ndogo ndiyo inayobana mafuta, sasa naona kinyume chake kwa macho yangu.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Kwanza, jambo hili linatokana na nini? Pili, ninunue la namna gani: la zamani lisilo na mitambo mingi ya kusafisha moshi, la miaka ya 2010 hadi 2013, au la karibuni linalotumia AdBlue, yale maji ya kusafisha moshi?

Dereva wa Alfajiri

Karibu, mkuu. Kabla ya mengine yote tuambie kila gari lina gia ngapi, na mshale wa mizunguko ulikuwa wapi ulipokuwa spidi 120. Nina hakika jibu lako limo humo. Injini ndogo ikifungiwa giaboksi ya gia tano hulazimika kuzunguka kwa kasi muda wote wa safari, na kila mzunguko una msuguano wake wa pistoni, beringi na pampu, ambao lazima ulipiwe kwa mafuta hata kama gari halihitaji nguvu hiyo.

Spana Kumi na Saba

Mimi nadhani ni mguu. Gari lenye nguvu kidogo humfanya dereva akanyage mafuta hadi chini kila anapotaka kulipita lori, kisha afunge breki mbele, halafu akanyage tena. Lenye nguvu hulipita kwa kuguswa tu. Mleta mada usikasirike, lakini hebu kumbuka safari yako ya kwanza ilikuwaje nyuma ya malori.

Mhasibu wa Lita

Ndugu zangu, mnaeleza sababu ya jambo ambalo bado halijathibitishwa. Tofauti ni lita tatu. Bomba la kituo cha mafuta hujikata lenyewe mafuta yanapogusa ncha yake, na dizeli hutoa povu jingi, kwa hiyo kituo kimoja kinaweza kukata tangi likiwa limebakiza nafasi ya lita mbili na kingine likajaa hadi shingoni. Gari likisimama penye mteremko kidogo, hesabu inabadilika tena. Nina daftari la magari yangu mawili kwa miaka tisa, na sijawahi kuamini tangi moja pekee. Huwa nachukua matangi matano mfululizo, najumlisha lita zote, najumlisha kilomita zote, ndipo nagawanya.

Hesabu yako kama ilivyo inatoa kilomita 15.6 kwa lita moja kwa gari la kwanza na 16.8 kwa la pili. Kwa kilomita 40,000 kwa mwaka, tofauti hiyo ni takriban lita 190. Si kidogo, lakini pia si kiasi cha kuamua gari zima. Nozeli moja (kile kinachopuliza mafuta kwenye silinda) ikiharibika, akiba ya mwaka mzima inaweza kuondoka nayo.

Mwendo Mrefu

Nashukuru. Dereva wa Alfajiri, gari la lita 1.6 lina gia tano, na kwenye spidi 120 mshale ulikuwa 2,600 hivi. La lita 2.2 lina gia sita na mshale ulikuwa 2,000. Spana, sikasiriki. Malori yalikuwepo safari zote mbili. Mhasibu, nilijaza kituo kimoja wakati wa kuondoka, lakini nilikofika vituo vilikuwa tofauti, hilo nakiri.

Nimekumbuka jambo jingine ambalo sikuliandika: gari la lita 1.6 lilikuwa na vyuma vya keria juu ya paa, ingawa havikuwa na mzigo.

Kilomita Laki Tano

Hapo kwenye keria umetoa jibu, mkuu, na ulikuwa umelificha mwishoni! Upinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa spidi. Ukitoka spidi 100 kwenda 120 umeongeza spidi kwa asilimia 20, lakini upepo unaokuzuia umeongezeka kwa asilimia 44. Ndiyo maana katika safari ndefu umbo la gari lina uzito kuliko mambo mengi tunayobishania. Stesheni wagoni lina faida kubwa hapo: paa lake ni refu lakini uso wake ni mdogo, nalo hulala chini karibu na barabara. Ukiweka vyuma viwili vya mraba vikaukabili upepo kwa muda wa saa sita, unakuwa umeipunguza faida uliyoinunua.

Vyuma vilivyochongwa kama bawa havina madhara makubwa. Vile vya mraba huvuma, na ukisikia mvumo juu ya kichwa chako ujue kwamba sauti hiyo inatengenezwa kwa dizeli yako.

Mzee wa Stesheni

Wanangu, nimesoma yote. Nakubali habari ya gia na nakubali habari ya keria, ila kuna jambo la msingi ambalo hamjaligusa. Injini ya petroli hudhibitiwa kwa kufunga mlango wa hewa, kwa hiyo injini kubwa ya petroli ikienda polepole huwa kama mtu anayekimbia huku ameziba pua. Dizeli haifanyi kazi hivyo. Hewa huingia bila kubanwa, na nguvu hupimwa kwa kiasi cha mafuta yanayopulizwa. Kwa sababu hiyo injini kubwa ya dizeli haiadhibiwi sana kwa kupewa kazi ndogo. Ongeza kwamba mgandamizo wake ni mkubwa kuliko wa petroli, na kwamba lita moja ya dizeli yenyewe ina nishati zaidi ya lita moja ya petroli. Basi wenye safari ndefu tangu zamani walichagua dizeli kubwa iliyotulia, na hawakujuta.

Mimi nimeendesha stesheni wagoni tano za dizeli. Iliyodumu kuliko zote ilikuwa ya silinda tano, isiyo na kompyuta hata moja, na niliiuza ikiwa imetembea zaidi ya kilomita 600,000. Mnakumbuka pia ile Mercedes ya teksi ya Ugiriki iliyotembea kilomita milioni 4.6 ikawekwa makumbusho. Hiyo ndiyo dizeli.

Kilomita Laki Tano

Mzee, shikamoo. Naomba nirekebishe kidogo kwa heshima. Gari lile lilikuwa 240 D ya mwaka 1976, na lilikuwa saluni, halikuwa stesheni wagoni. Tena halikutembea kwa injini moja. Mwenyewe alikuwa akibadilisha injini kwa zamu, moja ikifanya kazi wakati nyingine inatengenezwa. Sifa ya bodi na ya utunzaji ni ya kweli, lakini mtu asinunue gari kuukuu akidhani injini yake itafika huko bila kufunguliwa.

Mzee wa Stesheni

Marahaba, mwanangu. Nimekubali marekebisho. Ila injini yangu ya silinda tano haikufunguliwa, na hilo nalishuhudia mwenyewe.

Dereva wa Alfajiri

Tukirudi kwenye hoja ya Mzee kuhusu injini kubwa, naomba nipinge kwa sababu moja. Injini yoyote huwa na sehemu inayopenda, yaani mizunguko fulani na mzigo fulani ambapo kila gramu ya mafuta hutoa kazi nyingi zaidi. Kwa dizeli za turbo mara nyingi sehemu hiyo iko kati ya mizunguko 1,800 na 2,200, mzigo ukiwa mkubwa. Injini ndogo ndiyo iliyo karibu zaidi na mzigo huo inapovuta gari lililojaa. Kwa hiyo mngefunga gia ya sita kwenye ile ya lita 1.6 ili izunguke 2,100, naamini ingeishinda ya lita 2.2. Tatizo ni giaboksi wala si ukubwa wa injini.

Spana Kumi na Saba

Na ungeifunga gia hiyo, kila mlima ungelazimika kurudi gia ya nne. Tumerudi kwenye mguu.

Fundi Nozeli

Habari zenu. Nimekaa na dizeli miaka ishirini na mbili, na napenda kuongeza mawili: moja kuhusu fumbo lenu na jingine kuhusu ununuzi.

Kuhusu fumbo, hakuna aliyeuliza habari ya kichujio cha masizi. Gari la namna hii hukusanya masizi kwenye kichujio, na kikifika kiwango fulani kompyuta huamuru yachomwe. Ili ekzosi ifike joto la takriban nyuzi 600, mafuta ya ziada hupulizwa kwenye silinda baada ya mlipuko mkuu, na kazi hiyo huchukua dakika kumi hadi ishirini. Mafuta hayo hayasukumi gari hata hatua moja. Ikiwa gari la lita 1.6 huzunguka na mwenyewe safari fupi kabla hujaliazima, inawezekana kabisa ulilipokea kichujio kikiwa kimeshiba, likachoma masizi ya mwezi mzima kwa mafuta yako. Mleta mada, jaribu kukumbuka: ulipolizima, feni ya mbele iliendelea kuzunguka? Kulikuwa na harufu ya chuma cha moto? Mizunguko ya kusimama ilikuwa juu kidogo kuliko kawaida?

Kuhusu ununuzi, ninachoangalia kwanza si kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi, kwa sababu tarakimu hizo hushushwa kwa dakika chache. Naangalia raba za pedali, hasa ya klachi, ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango, na usukani mahali mkono wa kushoto unapokaa. Gari linaloonyesha kilomita 120,000 huku raba ya klachi imelainika hadi mistari imepotea, hilo limetembea mara mbili ya hapo. Kisha naunganisha kompyuta na kusoma kiwango cha majivu kwenye kichujio. Masizi huungua, majivu hayaungui. Hubaki humo na kuongezeka kadiri gari linavyotembea. Mshusha kilomita mara nyingi hukumbuka dashibodi akasahau majivu.

Halafu natoa chupa zangu nne. Ni chupa ndogo za plastiki zinazoonyesha ndani, zenye mistari ya vipimo, na kila moja ina mpira wake mwembamba. Navua bomba la marejeo la kila nozeli, nachomeka mpira wa chupa, kisha nawasha injini na kuiacha dakika chache. Nozeli nzima hurudisha mafuta kidogo, na chupa nne hupanda karibu sawa. Ikiwa chupa ya tatu imefika nusu wakati wenzake wako chini, nozeli ya tatu imechoka, na gari hilo asubuhi ya baridi litakusumbua. Kwa injini ambazo marejeo yake hayavuliki kirahisi, nasoma kwenye kompyuta kiasi ambacho kila silinda inasahihishiwa.

La mwisho, naomba ruhusa ya kufungua kichujio cha dizeli. Namimina mafuta yake kwenye bakuli jeupe na kulitembeza juani. Yakimetameta kama yamenyunyizwa vumbi la fedha, pampu ya shinikizo inajila. Hapo naondoka, hata kama gari ni zuri namna gani, kwa sababu chembe hizo zimekwishaingia kwenye reli (bomba linalozigawia nozeli mafuta ya shinikizo) na nozeli zote, na mfumo mzima unahitaji kubadilishwa.

Mama Safari

Fundi, ahsante sana kwa maelezo ya majivu. Yangenisaidia miaka minne iliyopita. Nilinunua stesheni wagoni la mwaka 2011 lililokuwa safi mno, la mwenyewe mmoja, kilomita chache, na nikaona nimepata bahati. Sikujiuliza kwa nini gari la miaka saba lilikuwa na kilomita 60,000 tu. Lilikuwa likienda dukani na kurudi. Kichujio kilikuwa kimejaa, vali ya kurudisha moshi ilikuwa imeganda kwa masizi, na kibaya zaidi kiwango cha oili kilikuwa kinapanda badala ya kushuka. Fundi wangu aliniambia kwamba kila uchomaji unapokatizwa njiani, dizeli ile ya ziada huteremka ukutani mwa silinda na kuingia kwenye sampu. Nilichomoa kijiti cha oili nikanusa, na ilikuwa dizeli waziwazi.

Tangu hapo nafuata kanuni tofauti na ya watu wengi: kwa dizeli naona afadhali gari la miaka mitano lenye kilomita 180,000 za barabara kuu, lenye kitabu cha sevisi kilichojazwa, kuliko la miaka kumi lenye kilomita 70,000 za mjini. La sasa nililipata likiwa na 210,000, na limefika 340,000. Gharama kubwa niliyokutana nayo ni flaiwili, lile gurudumu zito kati ya injini na klachi, ile ya vipande viwili yenye springi ndani. Ilianza kwa kugonga nilipozima injini, kama mtu anayegonga mlango mara mbili, kisha gari likawa linatetemeka likiondoka. Nilibadilisha pamoja na klachi, kwa kuwa kushusha giaboksi mara mbili hakuna maana.

Spana Kumi na Saba

Pole, Mama Safari. Kwa hoja hiyo mleta mada achukue gari la kabla ya Euro 5, kile kiwango cha moshi cha Ulaya, maana vichujio vya masizi vilianza hapo, mwaka 2009. Au achukue la baadaye na kichujio kitolewe, wengi wanafanya.

Kilomita Laki Tano

Spana, tarehe si hiyo. Peugeot 607 ilitoka na kichujio cha masizi mwaka 2000, nayo ilikuwa na tangi dogo la kiongezeo kinachoteremsha joto la kuungua kwa masizi. Euro 5 ilikuja kubana kiwango cha masizi kiasi kwamba kichujio kikawa hakikwepeki, lakini magari mengi ya Euro 4 tayari yanacho. Mnunuzi asitegemee mwaka peke yake, aulize injini husika.

Fundi Nozeli

Na kuhusu kukitoa, mimi sikubali na sifanyi. Katika nchi nyingi ni kosa, na gari hushindwa ukaguzi. Lakini hata pasipo sheria, masizi yale ndiyo yanayoingia kwenye mapafu ya watoto wanaotembea kando ya barabara. Isitoshe, anayetembea kilomita 40,000 kwa mwaka kwenye barabara kuu ndiye mtu ambaye kichujio kimetengenezwa kwa ajili yake. Ekzosi yake ina moto wa kutosha, na sehemu kubwa ya masizi huungua yenyewe bila mafuta ya ziada. Kinachotakiwa ni oili yenye majivu machache, ile iliyoandikwa C2 au C3 kadiri kitabu cha gari kinavyoagiza. Ukiweka oili ya kawaida kwa sababu ni rahisi, majivu yake hubaki kwenye kichujio moja kwa moja.

Dereva wa Alfajiri

Kwa swali la pili la mleta mada, mimi ningeelekea kwenye dizeli za zamani za Volkswagen za lita 1.9 zenye pampu na nozeli kwa pamoja katika kila silinda. Zinabana mafuta ajabu, na mara nyingi hazina kichujio. Mfumo wa reli ya pamoja ulikuja baadaye, Wajerumani walipougundua.

Kilomita Laki Tano

Leo nitaonekana mwalimu, mnisamehe. Gari dogo la kwanza kuuzwa na reli ya pamoja lilikuwa Alfa Romeo 156 ya mwaka 1997. Kazi ya kuufikisha mfumo huo kwenye magari madogo ilifanywa ndani ya kundi la Fiat, kisha Bosch wakaununua na kuuzalisha kwa wingi. Volkswagen ndio waliochelewa, wakabaki na mfumo wa pampu na nozeli hadi kuelekea mwaka 2008 kabla ya kuhamia kwenye reli.

Injini ya lita 1.9 unayoitaja ni nzuri, lakini kamshafti yake (shafti inayofungua vali) ndiyo pia inayosukuma nozeli kwa nguvu kubwa, hivyo inataka oili maalumu iliyoagizwa kwa ajili yake, na asiyejua hilo huila kamshafti taratibu. Ndugu yake ya lita 2.0 ya mfumo ule ule, iliyofungwa kwa urefu kwenye baadhi ya magari, ina kijiti kidogo cha pembe sita kinachoendesha pampu ya oili, na kijiti hicho kikichakaa pampu husimama. Kwa BMW za silinda nne za kuanzia 2007 hadi 2011 hivi, uliza habari ya cheni ya taimingi, ambayo iko nyuma upande wa giaboksi, kwa hiyo kuifikia kunataka kushusha vitu vingi. Injini za Peugeot na Citroën za lita 2.0 HDi na zile za Volvo za silinda tano nimeziona zikifika mbali kwa watu wanaozitunza.

Mzee wa Stesheni

Silinda tano tena. Mnaona.

Mhasibu wa Lita

Mzee, silinda tano ya lita 2.4 ni injini nzuri, lakini daftari langu halidanganyi: ile niliyokuwa nayo ilinipa kilomita 14.5 kwa lita katika safari ndefu, na ya silinda nne ya lita 2.0 iliyofuata ikanipa 17.9, njia ile ile na mguu ule ule. Kwa kilomita 40,000 hiyo ni tofauti ya zaidi ya lita 500 kwa mwaka. Hapa injini kubwa imeshindwa, kwa hiyo nadharia yenu ya injini kubwa haiwezi kuwa jibu kamili la fumbo la mleta mada.

Mzee wa Stesheni

Ilikuwa ya giaboksi otomatiki?

Mhasibu wa Lita

Ndiyo, ya gia tano, na iliyofuata ilikuwa ya mkono yenye gia sita. Naona unakotaka kunipeleka.

Mama Safari

Kuna jambo ambalo naona linasahaulika kwa mtu anayejaza buti kila wiki, nalo ni springi za nyuma. Stesheni wagoni likijazwa hukaa chini nyuma, taa zikaangalia juu, na uso wake ukapokea upepo vibaya. Mercedes E za stesheni wagoni nyingi zina mifuko ya hewa nyuma inayolisimamisha gari sawa, Volvo baadhi zina shokapu zinazojinyanyua zenyewe, na Citroën C5 hadi ilipofikia mwisho mwaka 2017 ilikuwapo yenye mfumo wa mafuta na gesi. Ni raha kubwa kwa mwenye mizigo. Lakini ukienda kununua, lipakie gari au waketi watu watatu nyuma, liwashe, uone kama linapanda, kisha lizime na uliache saa kadhaa uone kama linazama upande mmoja.

Spana Kumi na Saba

Kuna mtu ameshawaza kumwambia achukue haibridi ya petroli?

Dereva wa Alfajiri

Mjini ningemwambia hivyo bila kusita, kwa sababu haibridi huvuna nguvu kila unapofunga breki. Kwenye spidi 120 kwa saa sita hakuna breki za kuvuna, na faida yake hupungua sana. Kwa mwendo huu dizeli bado ina nafasi yake.

Kuhusu AdBlue, mleta mada uliuliza na hatujakujibu. Ni maji yenye urea asilimia 32.5, na kazi yake ni kupunguza oksidi za naitrojeni. Gari la kawaida hutumia takriban lita moja kwa kila kilomita elfu moja, likizidi au kupungua. Huganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri, ndiyo maana tangi lake lina hita, na hita hiyo pamoja na pampu yake ndivyo vinavyoharibika. Ikikuishia kabisa, ukizima gari haliwaki tena mpaka uongeze. Faida yake ni kwamba injini iliyo na mfumo huo haikulazimika kurudisha moshi mwingi kwenye silinda, hivyo ndani hubaki safi zaidi. Kwa safari zako ningelichukua bila woga, mradi tangi na pampu vimekaguliwa.

Mwendo Mrefu

Wakuu, nimerudi. Niliomba tena gari la lita 1.6, nikavua vyuma vya keria, nikajaza upepo wa matairi kwa kipimo cha gari lililopakiwa, na Jumamosi nikapita njia ile ile. Safari hii nilijaza vituo vile vile pande zote mbili na kuacha bomba lijikate mara moja tu, kama Mhasibu alivyoelekeza. Limekunywa lita 39.2. Hiyo ni kilomita 16.3 kwa lita.

Kilomita Laki Tano

Lita 1.8 zimeondoka na keria.

Mhasibu wa Lita

Au zimeondoka na bomba la kituo. Umebadilisha keria, upepo wa matairi na namna ya kujaza kwa wakati mmoja, kwa hiyo hatuwezi kujua kipi kimefanya nini. Bado matangi manne.

Fundi Nozeli

Hukunijibu swali langu la feni, mkuu.

Mwendo Mrefu

Fundi, nisamehe, nililifikiria sana kabla ya kujibu. Safari ya kwanza nilipofika usiku na kuzima gari, feni ilizunguka muda mrefu hadi mlinzi akaja kuniuliza kama nimesahau kuzima. Jumamosi haikuzunguka.

Kesho asubuhi nakwenda kuangalia stesheni wagoni la lita 2.0, gia sita za mkono, mwaka 2014, kilomita 190,000, kitabu cha sevisi kipo. Nimemwomba mwenyewe asiliwashe kabla sijafika, ili nilisikie likiwaka baridi, na chupa nne nimekwishanunua.

Fundi Nozeli

Chukua na bakuli jeupe. Na ukishavua mipira ya marejeo, ziba matundu ya bomba ulizoziacha wazi, la sivyo utaimwagia injini ya watu dizeli kabla hujapata jibu.